Usumaku wa poda yako unatoka wapi? Mwongozo kamili wa kutafuta chanzo chake katika oksidi zilizotiwa kobalti

Chukua sumaku yenye nguvu, ile inayotolewa kwenye hadi diski mbovu kwa fundi kompyuta, uivalishe kidole cha glavu ya mpira. Nenda kwenye korongo lolote la hapa Dodoma siku chache baada ya mvua, uiburuze juu ya mchanga mkavu mwendo wa hatua kumi hivi. Ukiiinua utakuta manyoya meusi yamesimama juu ya glavu. Zile punje nyeusi ni magnetaiti hasa, oksidi ya chuma inayovutwa sana na sumaku, iliyobaki baada ya granaiti ya vilima vyetu kumomonyoka. Vua glavu, punje zitaanguka kwenye karatasi nyeupe. Tafuta iliyo ndogo kuliko zote unayoweza kuiona kwa macho na uikumbuke ukubwa wake, kwa sababu tutairudia mbele kwa hesabu.

Ninaanzia korongoni kwa sababu upepo wa Agosti hauna adabu na maabara. Miaka kadhaa iliyopita tulitengeneza oksidi ya zinki yenye kobalti asilimia 2. Kipimo kikaleta kitanzi kizuri cha haisteresisi, yaani mchoro wa usumaku usiorudi kwa njia ileile uga wa sumaku unapopanda na kushuka, katika joto la kawaida la chumba. Mwanafunzi akaanza kuandika sura ya matokeo, na mimi nikamtia moyo. Wiki tatu baadaye tukapima oksidi ya zinki tupu iliyotengenezwa siku ileile, isiyo na kobalti hata chembe. Ilikuwa na usumaku kuliko ile yenye kobalti. Kinu cha kusagia kilikuwa kimeanikwa dirishani siku nzima, vioo vikiwa wazi, na vumbi jekundu limeingia. Sura ile ilifutwa yote. Mwongozo huu ni kwa ajili ya mwanafunzi mwingine wa uzamili asipitie hapo.

Kwanza, kwa nini swali lenyewe ni gumu

Oksidi kama ya zinki, titani au bati ni semikondakta zinazopitisha mwanga. Ukizitia kiasi kidogo cha kobalti, manganizi au chuma, kazi ambayo wenyewe tunaiita kudopi, tumaini ni kupata kitu kimoja chenye tabia ya semikondakta na ya sumaku kwa pamoja. Kitu hicho kingefaa kutengenezea vifaa vinavyotumia mzunguko wa elektroni, spini, pamoja na chaji yake. Mwaka 2000 Tomasz Dietl na wenzake walichapisha hesabu zilizoonyesha kwamba oksidi ya zinki yenye manganizi asilimia 5 ingeweza kubaki ferosumaku, yaani yenye usumaku wa kudumu kama wa chuma, juu ya joto la chumba, kwa sharti kwamba iwe na matundu ya chaji chanya kwa wingi mkubwa. Mwaka uliofuata Yuji Matsumoto na wenzake kule Japani wakaripoti oksidi ya titani yenye kobalti iliyo ferosumaku, na Ueda, Tabata na Kawai wakaripoti ya zinki. Baada ya hapo ripoti zilimiminika, nyingi zikipingana: poda ileile, kobalti ileile, maabara moja inaona usumaku na nyingine haioni kitu.

Fikiria mibuyu ya Chamwino. Katika oksidi ya zinki kila atomu ya metali imezungukwa na atomu jirani 12 za metali. Ukitia kobalti asilimia 2 zikatawanyika vizuri, uwezekano wa kobalti moja kukosa kabisa jirani wa kobalti ni 0.98 kwa kipeo cha 12, yaani asilimia 78. Kobalti nyingi zimesimama peke yake kama mbuyu katikati ya mbuga. Zile chache zilizokaribiana huwa zinaelekeza spini kinyume, moja juu nyingine chini, zikafutana. Ili mnyororo wa majirani upite katika fuwele nzima ungehitaji kobalti karibu asilimia 20. Kwa asilimia 2 mnyororo huo haupo. Kwa hiyo ukiona ferosumaku, lazima uulize ni nani anayebeba ujumbe kutoka mbuyu mmoja hadi mwingine, au kama kuna mbuyu wowote unaohusika.

Majibu yaliyotolewa ni mengi, lakini kwa kazi ya maabara yanaangukia makundi matatu. La kwanza ni uchafu kutoka nje. La pili ni kobalti iliyojikusanya ikawa metali au oksidi nyingine ndani ya poda. La tatu ndilo kila mtu analitamani: usumaku wa fuwele yenyewe, unaosaidiwa na kasoro kama nafasi tupu za oksijeni. Utaratibu ni kuondoa la kwanza, halafu la pili, ndipo ulitaje la tatu. Ukiruka mpangilio huo hakuna kifaa duniani kitakachokuokoa.

Hatua ya 1: Funga milango ya chuma

Weka pembeni vijiko na vibano vyote vya chuma, hata vile visivyoshika kutu. Mwaka 2004 kundi la Dublin liliripoti katika jarida la Nature usumaku usiotarajiwa katika utando mwembamba wa oksidi ya hafni. Mwaka 2005 Abraham, Frank na Guha walionyesha kwamba kugusa utando wa namna hiyo kwa kibano cha chuma kisichoshika kutu kunatosha kuacha alama ya sumaku inayofanana. Tumia vibano vya plastiki au kauri na vijiko vya plastiki. Njiti ya mianzi ya kuchokolea meno ni kifaa kizuri kuliko vingi vya bei.

Vyombo vya kioo viloweke usiku kucha kwenye asidi ya haidrokloriki iliyopunguzwa nguvu hadi asilimia 10, kisha visuuze mara tatu kwa maji yaliyokenekwa. Maji ya betri ya dukani yanafaa kwa suuzo la kwanza tu. Kausha ndani ya oveni iliyofungwa, kamwe siyo dirishani. Kazi ya kusaga ifanyike asubuhi kabla upepo haujaamka, madirisha yakiwa yamefungwa, meza imepanguswa kwa kitambaa chenye maji. Ukipangusa kwa kitambaa kikavu unalirusha tu vumbi lipande juu na kutua tena.

Kichwa chako kigeukie pia kijiti cha kukorogea cha sumaku. Ndani yake kuna sumaku halisi, na siku zote kinavuta chembe za chuma zilizo kwenye bikari. Kikiwa na ufa kwenye ganda lake, kinavujisha chuma. Mimi nakoroga kwa fimbo ya kioo. Mkono unachoka, ndiyo.

Soma lebo za kemikali zako mpaka mstari wa chuma. Tuseme lebo ya asetati ya zinki imeandika chuma asilimia 0.005. Inaonekana si kitu. Lakini ukitumia gramu 10.76 za asetati hiyo, unaingiza miligramu 0.54 za chuma katika gramu 4 za oksidi. Chuma hicho chote kikigeuka magnetaiti, kinatoa takriban 0.017 emu kwa gramu (emu ni kipimo cha nguvu ya usumaku), na ripoti nyingi za uvumbuzi zimejengwa juu ya ishara ndogo kuliko hiyo. Nunua daraja la juu la usafi kadiri bajeti inavyoruhusu. Kostiki soda ya watengeneza sabuni usiiguse kabisa.

Hatua ya 2: Tengeneza pacha

Usitengeneze sampuli moja. Tengeneza nne kwa siku moja, kwa maji yaleyale, kinu kilekile na tanuri moja: kobalti asilimia 0, 1, 2 na 5. Ile ya sifuri ndiyo ya thamani kuliko zote, maana ndiyo itakayokuambia maabara yako ina usumaku kiasi gani kabla hujatia chochote.

Kwa asilimia 2, jumla ya moli 0.05 za metali: pima asetati ya zinki yenye maji mawili gramu 10.76, na asetati ya kobalti yenye maji manne gramu 0.249. Yeyusha kwa mililita 100 za maji yaliyokenekwa. Mchanganyiko utakuwa wa waridi hafifu. Kando, yeyusha gramu 4.0 za haidroksaidi ya sodiamu kwa mililita 50 za maji. Dondosha ya pili ndani ya ya kwanza tone kwa tone huku ukikoroga, hadi pH ifike kati ya 9 na 10. Ukiharakisha, kobalti inatua mapema sehemu moja na kujikusanya, na hapo umeshaharibu jibu kabla ya kuuliza swali. Ukizidisha soda, zinki inaanza kuyeyuka tena.

Chuja, osha mashapo mpaka maji ya kuoshea yafike pH 7, kausha kwa nyuzi 90 usiku mzima ndani ya sahani iliyofunikwa, kisha choma kwa nyuzi 450 saa 3 katika kikombe cha kauri chenye kifuniko. Andika saa ya kuanza na ya kumaliza. Umeme ukikatika katikati, sampuli zote nne zirudiwe, kwa sababu muda wa joto unaathiri mahali kobalti inapokaa.

Chumvi za kobalti zina sumu na vumbi lake ni hatari kwa mapafu. Vaa glavu na barakoa. Maji ya kuoshea yakusanye kwenye dumu lenye lebo badala ya kuyamwaga kwenye sinki.

Ukitoa kwenye tanuri, zipe sampuli herufi za siri na umwombe mwenzako ashike ufunguo. Anayesoma mashine asijue anapima ipi.

Hatua ya 3: Tazama rangi kabla ya kuwasha mashine

Hiki ndicho kipimo ninachokipenda kuliko vyote, na hakigharimu kitu. Kobalti yenye chaji mbili ikichukua nafasi ya zinki, inazungukwa na oksijeni nne, na inakula mwanga katika sehemu tatu karibu na nanomita 567, 612 na 655. Hizo ni njano, rangi ya chungwa na nyekundu, kwa hiyo kinachorudi machoni ni kijani. Wachoraji wanaijua rangi hii tangu karne ya 18, tangu Sven Rinman wa Uswidi alipoipata kwa kuchoma zinki na kobalti pamoja.

Tandaza poda zako nne juu ya karatasi nyeupe karibu na dirisha lililofungwa, saa nne asubuhi, jua likiwa bado pembeni. Ya sifuri iwe nyeupe. Ya asilimia 1 iwe kama jani la mbaazi lililokauka. Zinazofuata zikolee kijani hatua kwa hatua. Ukiona kijivu au weusi, hasa kwenye ile ya asilimia 5, kuna kobalti iliyobaki nje ikawa oksidi yake yenyewe, Co₃O₄, ambayo ni nyeusi. Rangi ya sampuli moja ikitofautiana kati ya upande na upande, rudi hatua ya 2.

Kama kuna spektromita ya mwanga unaoonekana, pima na utafute mabonde hayo matatu. Kuyapata kunathibitisha kwamba kobalti imeingia ndani ya fuwele. Hakuthibitishi kwamba kobalti yote imeingia, na tofauti hiyo ndiyo itakayobeba kazi iliyobaki.

Hatua ya 4: Eksirei, na ukomo wake

Difraksheni ya eksirei, yaani kupiga poda kwa eksirei na kusoma pembe zinakorudi, kwa bomba la shaba itaonyesha vilele vya oksidi ya zinki kwenye pembe za nyuzi 31.8, 34.4 na 36.3. Tafuta Co₃O₄ karibu na 36.9 na 65.2, na metali ya kobalti karibu na 44.2. Kilele cha 36.9 kimejificha begani mwa kile cha 36.3, kwa hiyo pima taratibu eneo hilo.

Sasa sikiliza, kwa sababu hapa ndipo tasnifu nyingi zinapoandika sentensi moja ya haraka: "eksirei haikuonyesha awamu ya pili (kitu kingine kilichochanganyika na oksidi ya zinki), hivyo usumaku ni wa asili." Difraksheni ya kawaida haioni kitu kilicho chini ya asilimia 1 hivi, na chembe zikiwa ndogo sana vilele vinapanuka na kuzama kabisa. Katika hatua ya 6 utaona kwamba kiasi kinachotosha kukudanganya ni kidogo mara mia kuliko hapo.

Kwa kiwango cha chuma, peleka gramu chache zikapimwe kikemikali. Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania, ambayo makao yake makuu yako hapahapa Dodoma, ina maabara inayochambua miamba na udongo. Peleka pia ile ya sifuri.

Hatua ya 5: Pima usumaku kama mtu asiyejiamini

Anza na kishikio kitupu. Pima kapsuli, gundi na utepe bila poda, mpaka uwe na mstari wa msingi. Kapsuli za dawa zenye rangi mara nyingi zimepakwa rangi ya oksidi ya chuma. Tumia zisizo na rangi.

Mashine inachora usumaku wa poda dhidi ya uga wa sumaku unaowekwa. Poda ya oksidi ya zinki tupu ni diasumaku, mstari wake unateremka. Yenye kobalti iliyotawanyika ni parasumaku, mstari wake unapanda ukiwa umenyooka katika joto la chumba. Ferosumaku inajikunja na kushiba, na ikirudi inaacha kitanzi. Pima uga mkubwa kadiri mashine inavyofika, uondoe mstari ulionyooka, lakini uhifadhi data ghafi. Nimeona vitanzi vilivyozaliwa na utoaji huo peke yake.

Kisha fanya jaribio la mafungu matatu. Gawa sampuli moja mafungu matatu ya miligramu 100 na upime kila moja kivyake. Usumaku wa fuwele umeenea sawasawa, hivyo mafungu yatatoa namba zinazokaribiana. Usumaku wa punje chache za vumbi uko mahali punje zilipo: fungu moja litapiga kelele, mawili yatanyamaza. Sampuli yetu ile iliyofutwa ilitoa uwiano wa 1 kwa 9 kati ya fungu na fungu. Lau tungeligawa siku ya kwanza, tungejua kabla ya chakula cha mchana.

Mashine ikiwa mbali, tikisa poda kidogo ndani ya ethanoli kwenye chupa ndogo ya kioo, weka ile sumaku ya hadi diski nje ya chupa, subiri dakika 10. Doa jeusi likijikusanya ukutani, hukuhitaji kulipia kipimo.

Hatua ya 6: Hesabu itakayokutuliza

Tuseme umepata 0.01 emu kwa gramu katika sampuli ya asilimia 2. Gramu moja ina moli 0.0123 za oksidi, kwa hiyo moli 0.000246 za kobalti. Kila kobalti ina elektroni tatu zisizo na mwenza, yaani magnetoni 3 za Bohr (kipimo cha usumaku wa elektroni moja), na moli moja ya magnetoni hizo ni emu 5,585. Zote zikipangwa upande mmoja ungepata 0.000246 × 3 × 5,585, sawa na emu 4.1. Wewe umepata sehemu moja kati ya 400. Hata nadharia yako iwe ipi, kobalti nyingi mno hazishiriki.

Geuza swali. Metali ya kobalti hutoa karibu emu 161 kwa gramu. Kufikia 0.01 unahitaji mikrogramu 62 tu za metali katika gramu ya poda, ambayo ni asilimia 0.43 ya kobalti uliyotia. Eksirei yako haiwezi kuiona.

Sasa rudi korongoni. Magnetaiti hutoa emu 92 kwa gramu. Katika fungu la miligramu 100, ishara ile ile inahitaji mikrogramu 11 za magnetaiti. Kwa msongamano wa gramu 5.2 kwa sentimita ya ujazo, hiyo ni punje moja yenye kipenyo cha milimita 0.16. Ni ile punje ndogo uliyoitazama juu ya karatasi nyeupe. Moja.

Na ishara ikizidi ile iwezekanayo? Mwaka 2003 Ogale na wenzake waliripoti magnetoni 7.5 kwa kila kobalti katika oksidi ya bati, zaidi ya mara mbili ya zile 3 tulizotumia. Namba kama hiyo inasema ama kitu kingine mbali na kobalti kinabeba usumaku, ama kipimo kina mgeni.

Hatua ya 7: Kuhoji kasoro za oksijeni

Mafungu yakikubaliana, ya sifuri ikinyamaza na hesabu ikiruhusu, ndipo unaweza kuuliza kuhusu fuwele. Mwaka 2005 Coey, Venkatesan na Fitzgerald walipendekeza kwamba elektroni inayokaa kwenye nafasi tupu ya oksijeni inazunguka mbali, kwa kadirio la nanomita 1, ikigusa kobalti nyingi njiani na kuzielekeza upande mmoja. Huyo ndiye mbeba ujumbe kati ya mibuyu.

Kulijaribu, gawa poda mara mbili. Nusu ichome tena katika hewa, nusu katika ombwe au argoni, joto moja, muda mmoja. Oksijeni ikipungua nafasi tupu zinaongezeka. Usumaku ukipanda katika ombwe na kushuka hewani, dhana inapata nguvu. Lakini tahadhari kubwa: kuondoa oksijeni ndiko pia kunakogeuza kobalti kuwa metali. Tendo moja linazaa washukiwa wawili. Kwa hiyo ile ya sifuri nayo ipitie ombwe lilelile, na sampuli yenye kobalti ipimwe kwa spektroskopi ya fotoelektroni, inayosoma nishati ya elektroni zinazong'olewa na eksirei. Kobalti ya metali huonekana karibu na elektronivolti 778, na yenye chaji mbili karibu na 780 hadi 781 ikifuatwa na kivuli kikubwa kwenye 786.

Ukipata nafasi ya kupima katika baridi kali, tafuta alama za majina: magnetaiti hubadilika karibu na kelvini 120, na Mn₃O₄, oksidi ya manganizi, kwa waliotia manganizi, hupoteza ferosumaku juu ya kelvini 43. Mikondo ya kupoza ndani ya uga na bila uga ikiachana halafu ikakutana, shuku chembe ndogo zilizojikusanya.

Ujue pia kwamba waliotengeneza fuwele safi kuliko wote wamekuja na jibu zito. Andreas Ney na wenzake mwaka 2008 walipima utando wa oksidi ya zinki wenye kobalti uliopangika vizuri sana kwa mwanga wa eksirei unaozunguka, wakakuta kobalti ni parasumaku, na zilizo jirani zinapingana. Hakukuwa na ferosumaku ya asili.

Hatua ya 8: Kuandika

Toa jedwali la sampuli zote nne, mafungu matatu ya kila moja, na kishikio kitupu. Taja kibano ulichotumia, kiasi cha chuma kwenye lebo, na saa umeme ulipokatika. Kama kobalti yako ni parasumaku, andika hivyo kwenye kichwa cha habari bila kuomba radhi. Poda safi inayonyamaza imechukua kazi kubwa kuliko poda chafu inayoimba, na msimamizi anayejua kazi hii ataliona.

Nusu ya kila poda usiitumie. Itie kwenye chupa ya kioo, funga kifuniko kwa nta, andika tarehe na herufi yake ya siri, uiweke kabatini mbali na dirisha, ili atakayetilia shaka namba zako aje aipime mwenyewe.